Kalamu Zetu Zimekaa Jukwaa Kuu

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi waandishi wenzangu mnaotuletea hadithi mezani, leo nimekuja na ugomvi. Si wa ngumi. Ni ugomvi wa mahali pa kukaa.

Katika bahasha za toleo hili nimekuta hadithi tatu zinazotokea Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Nasema ule wa zamani, pale Chang'ombe, ambao siku hizi unaitwa Uwanja wa Uhuru. Ya kwanza ni ya mapenzi: kijana wa Simba, binti wa Yanga, na yatakayofuata mnayajua. Ya pili ni ya babu aliyekuwapo usiku wa Uhuru. Ya tatu ni ya msiba wa kitaifa. Kiswahili chao hakina doa. Dhamira zinaonekana. Wahusika wana majina mazuri. Lakini nilipomaliza ya tatu nilikuwa nimechoka kama mtu aliyekula wali mkavu siku tatu, na ilinichukua usiku kucha kujua kwa nini.

Ni kwamba katika zote tatu msimulizi amekaa palepale. Amekaa jukwaa kuu, kivulini, mistari miwili nyuma ya viongozi. Huyu kijana wa mapenzi, ambaye ukurasa wa kwanza tumeambiwa kakopa nauli kwa shangazi yake, ukurasa wa nne anamwona mgeni rasmi akifuta miwani! Kwa macho gani, mshikaji wangu? Kutoka mzunguko?

Kwa msioishi Dar: mzunguko ulikuwa zile ngazi za saruji zisizo na paa zilizouzunguka uwanja, na tiketi yake ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini. Huko ulikuwa unatazama mpira huku umejikinga jua kwa gazeti. Mwenye karanga anakukanyaga, mwenye maji anakukanyaga, na bao likiingia unaliona nusu, ile nusu nyingine unasimuliwa na aliyekaa mbele yako. Waandishi wote watatu nawajua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwingine zaidi ya huko. Iweje basi tukishika kalamu tunahama?

Shuleni tulifundishwa kwamba mahali hadithi inapotokea panaitwa mandhari, tukaandika kwenye daftari, tukapewa vema. Kosa likaanzia hapo. Mandhari likawa kama pazia la mpiga picha wa studio: lina mnazi, lina bahari, unasimama mbele yake unapigwa picha, basi. Uwanja kama huu hauwezi kuwa pazia. Umekuwa vitu vingi mno, na kila ulipobadilishwa kazi, lugha iliyosemwa humo nayo ilibadilika. Mwandishi asiyejua ni mwaka gani, kazi gani na lango lipi, atatuletea uwanja usiokuwapo.

Mfano ninao. Hadithi ya mapenzi inarudi nyuma hadi fainali ya Kombe la CAF, Novemba 1993. Simba walikuwa wametoka Abidjan na sare ya bila kufungana, mji mzima ukaamini kombe ni letu. Stella wakaja Dar wakashinda 2-0, yote ya Boli Zozo, jina ambalo hadi leo ukilitaja kijiweni kuna mzee atasonya. Mwandishi wetu anayajua hayo. Lakini mashabiki wake amewaweka kwenye viti vya plastiki, katika uwanja wa watu 60,000! Huo ni uwanja mwingine. Ni ule uliojengwa jirani na Wachina ukafunguliwa mwaka 2007. Ulipokuja, ndio ulioitwa Uwanja wa Taifa, na ule wa zamani ukabaki na jina la Uhuru. Julai 2020, baada ya kifo cha Benjamin Mkapa, huo mpya nao ukapewa jina lake. Kwa hiyo "Taifa" ya baba yako si "Taifa" ya kaka yako, na mdogo wako hana "Taifa" kabisa, ana "kwa Mkapa". Mwandishi anaweza kutengeneza hadithi nzima kwa kuhama huko kwa jina peke yake. Yeye kapita juu yake kama mtu aliyepita juu ya noti.

Turudi nyuma zaidi. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 hazikuzaliwa Chang'ombe, zilizaliwa katika mitaa ya Kariakoo, wakati ambapo Gymkhana ilikuwa ya Wazungu na Mnazi Mmoja ulikuwa uwazi ulioachwa makusudi kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika. Nani acheze wapi lilikuwa jambo la serikali. Nalitaja hili kwa haraka ili mwelewe kwa nini uwanja wenye jina la "Taifa" ulikuwa na uzito mdomoni mwa watu: jina lilitangulia, taifa likafuata.

Lilifuata usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Nyerere alikuwapo, Gavana Turnbull alikuwapo, Prince Philip alikuwapo kwa niaba ya Malkia. Saa sita ya usiku taa za uwanja zilizimwa. Bendera ya Mwingereza ikashuka, taa zikawashwa, na watu wakaiona ya Tanganyika iko juu. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro na mwenge.

Sasa msomeni babu wa hadithi ya pili. Anaiona bendera ya mkoloni ikishuka "taratibu, kwa aibu". Anaiona! Taa zimezimwa, ndugu yangu! Babu wa watu hakuona bendera ikishuka, alichoona ni giza. Hapo ndipo nilipotaka kulia, kwa sababu mwandishi alikuwa na utajiri mikononi akautupa ili achukue sentensi ya kitabu cha historia. Mfikirieni huyo mzee, wakati huo kijana, kabanwa na maelfu ya watu gizani. Haoni kitu. Anasikia pumzi za wengine. Kuna mtu kamkanyaga, kuna anayekohoa, kuna mtoto anauliza tayari? Taa zinawaka na nchi imeshabadilika, na yeye hakuona namna ilivyobadilika. Hiyo ndiyo hadithi. Jukwaa kuu halina hadithi hiyo, kwa sababu pale kila mtu alikuwa na ratiba mkononi.

Kuna jambo jingine katika hadithi zote tatu. "Umati ulilipuka kwa shangwe." Nimeihesabu sentensi hiyo na ndugu zake: mara kumi na moja katika kurasa thelathini na mbili. Umati wenu una mdomo mmoja. Hivi mmewahi kwenda mechi ya watani wa jadi? Julai 19, 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0 katika uwanja huu, na Abdallah Kibadeni akapachika matatu peke yake, upande mmoja ulikuwa unaimba na upande wa pili ulikuwa unatafuta njia ya kutoka bila kuonekana na majirani. Kwa wazee wangu wa Temeke, kitu kinachosimuliwa mpaka leo si yale mabao. Ni namna mtu alivyofika nyumbani: nani alizunguka kwa nyuma ya choo, nani alizima koroboi mapema, nani alikula na watani wake mezani bila kuinua uso. Umati hauendi nyumbani. Anayekwenda nyumbani ni mtu mmojammoja.

Sasa niseme juu ya watu waliokwisha kuandika uwanja huu vizuri kuliko sisi, ingawa hawakushika kalamu. Nao ni watangazaji wa mpira.

Tusisahau kwamba Bara hatukuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990. Tangu usiku ule wa 1961, kwa zaidi ya miaka thelathini, Mtanzania wa Songea au wa Bukoba hakuwahi kuuona Uwanja wa Taifa isipokuwa kwa picha ya gazeti. Aliusikia. Uwanja wake ulijengwa kwa maneno, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, na mafundi walikuwa watu kama Ahmed Jongo, Charles Hilary, na Halima Mchuka, mwanamke aliyeingia katika kazi iliyodhaniwa ni ya koo la kiume. Kwa wengi wa wakati ule, uwanja huu ulikuwa fasihi simulizi kabla ya kuwa saruji.

Angalieni kazi yenyewe ilivyo. Kwanza mtangazaji anakupangia uwanja: nani anashambulia kutoka kushoto kwenda kulia, nani kapewa goli gani. Akishamaliza hapo harudii, anakuamini kwamba umeubeba kichwani. Kila baada ya dakika chache anarudia matokeo na muda, kwa sababu anajua kuna mtu ndiyo kwanza kafungua redio, na anayarudia kwa namna isiyomchosha aliyekuwapo tangu mwanzo. (Jaribuni nyinyi kurudia jambo mara ishirini katika hadithi moja mwone.) Mpira ukiwa katikati sentensi zake ni ndefu, anapata hata nafasi ya kukuambia jua liko wapi na nani kafika. Mpira ukikaribia goli sentensi zinakatika. Vivumishi vinaanguka njiani. Vinabaki vitenzi na majina, kisha vitenzi vinaanguka, linabaki jina moja linarudiwa, halafu kelele. Hilo ni somo la fani ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha uhakiki nilichopewa shuleni, na kila muuza duka wa nchi hii analijua kwa masikio. Misemo yao ya kukariri, ile tunayowacheka nayo, ndiyo ngazi ya kupumzikia. Bingwa wa ngano anazo, manju wa ngoma anazo.

Kwa hiyo mwandishi chipukizi anayeniuliza aanzie wapi, nitamwambia azime picha kwenye televisheni asikilize dakika kumi za mwisho tu. Lakini nitamwambia na upungufu wake. Mtangazaji naye kakaa jukwaani. Kazi yake ni mstatili wa nyasi. Kinachotokea getini hakipo katika matangazo, mpaka kitokee kikubwa kiasi cha kusimamisha mchezo.

Nikumbushe kwamba mpira ni kazi mojawapo tu ya pale mahali. Kumekuwa na magwaride ya Desemba 9, mikutano ya injili, maapisho, misiba. Kumekuwa na halaiki. Hii halaiki nashangaa hakuna aliyeniletea hata shairi lake. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwamo akiwa darasa la sita. Mazoezi wiki nyingi juani, soda na andazi mchana, kofi la mwalimu ukichelewa kugeuka. Siku yenyewe walikaa kwenye ngazi, kila mtoto na kadi yake yenye rangi, wakisikia filimbi wanageuza. Kutoka jukwaa kuu yanasomeka maneno, inaonekana ramani ya nchi, unaonekana uso wa kiongozi. Nilimuuliza siku hiyo walikuwa wanaandika nini. Akanitazama kama mjinga. "Nitajuaje? Mimi nilikuwa nimeshika nyekundu."

Basi mwandishi anayetaka kuandika juu ya taifa na mtu wake, sentensi hiyo namgawia bure.

Mnaweza kuniambia: mhakiki, wewe lawama tu, kwani kuna aliyeweza kuuandika uwanja? Wapo waliojaribu. Norman Mailer wa Marekani alikwenda Kinshasa mwaka 1974 kwa pambano la Ali na Foreman, lililopigwa alfajiri ya Oktoba 30 katika uwanja ambao nao umebadilishwa majina kama wetu: ulifunguliwa mwaka 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin, Mobutu akauita wa Mei 20, leo unaitwa Tata Raphaël. Kitabu chake, The Fight, kilitoka mwaka 1975. Nakisifu kwa jambo moja: hakuridhika na ulingo. Alisikiliza mpaka habari zilizonong'onwa juu ya vyumba vya chini ya majukwaa na wafungwa waliowekwa humo. Lakini alikuwa mgeni mwenye kitambulisho cha mwandishi, kwa hiyo wenyeji wa Kinshasa kwake wamebaki kishindo, sauti nyuma ya Ali. Mtu aliyerudi kwa miguu alfajiri ile, mvua za msimu zikikaribia, akaenda kazini bila kulala, kitabu hakina habari naye. Mgeni tutamsamehe. Sisi tuliozaliwa nyuma ya ukuta tutajitetea vipi?

Maana ukuta nao una historia yake. Kwa sisi wa Temeke ukuta ule ndio uliokuwa tiketi. Kuzamia ilikuwa kazi ya ustadi: mmoja anainama, wa pili anapanda mabegani, wa tatu anaangalia askari. Mjomba alikuwa akisema aliona nusu ya kwanza ya mechi nyingi kutoka kwenye mti na nusu ya pili akiwa ndani, kwa sababu wakati wa mapumziko walinzi walikwenda kunywa chai. Katika hadithi zenu ukuta haupo. Mtu anatoka nyumbani, mstari unaofuata kakaa. Geti limekwenda wapi? Foleni imekwenda wapi? Zile dakika arobaini ambapo hujui kama utaingia, ambapo mlanguzi anapandisha bei kila kelele inapotoka ndani, hazina mhusika?

Oktoba 1999 mama alikuwa kwenye foleni ya namna nyingine. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14, mwili ukaletwa, ukawekwa Uwanja wa Taifa watu waage. Mahali palepale alipoipokea nchi gizani, sasa yeye ndiye amelala katikati ya uwanja na watu wanapita. Mama alitoka alfajiri na mimi mgongoni, sijatimiza miaka miwili. Nimemuuliza mara nyingi aliona nini. Jeneza, anasema, aliliona kwa muda wa kufumba na kufumbua, askari anasema tembea mama, tembea. Kinachomkaa ni foleni. Kandambili yake ilikatika kwenye vumbi, mwanamke asiyemjua akamfungia kwa kipande cha kanga, wakatembea pamoja mpaka ndani wakiwa hawajatajiana majina, wakapotezana kwenye lango la kutokea. Mama hulia akifika kwenye kandambili. Kwenye jeneza halii.

Nilikuwa nayo hadithi hii nyumbani tangu utoto. Hebu sikilizeni nilichofanya nayo.

Uwanja uliendelea na kazi zake. Novemba 5, 2015 John Magufuli aliapishwa pale. Mwezi huohuo akafuta sherehe za Desemba 9, tukaambiwa siku ya Uhuru ni siku ya usafi, uwanja ukakaa kimya na sisi tukashika mafagio mitaani. Julai 2020 mwili wa Mkapa uliagwa hapo. Halafu Machi 2021, zamu ya Magufuli mwenyewe. Foleni ilikuwa ndefu kuliko macho. Mimi nilikwenda siku ya pili, Jumapili, Machi 21. Nilisimama mpaka jua likanishinda, nikarudi nyumbani kunywa maji. Nilikaa chini nikaandika shairi.

Lilikuwa na beti kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho vimetimia, kituo cha bahari. Mwamba umeanguka, jua limezama, mbuyu umeng'oka, yaani kila kitu kikubwa kilichowahi kuanguka katika ushairi wa Kiswahili nilikiangusha tena. Ubeti wa tisa msimulizi anasimama kando ya jeneza. Mimi! Niliyeishia nje nikitafuta kivuli cha mti! Nililisoma kijiweni kwetu, nikapigiwa makofi, na kuna jamaa aliliomba akalinakili kwa mkono.

Siku ileile niliyokuwa nikihesabu mizani, pale nje kwenye msongamano watu 45 walikufa. Hesabu hiyo Jeshi la Polisi liliitoa mwisho wa mwezi. Walieleza kwamba kuna watu waliokosa subira wakataka kuingia kwa nguvu. Sina ushahidi wa kupingana na maelezo hayo wala kuyathibitisha, mimi si mpelelezi, ni msomaji wa maneno. Na kama msomaji wa maneno nasema hiyo ni sentensi iliyoandikwa kutoka ndani ikitazama nje. Kwa aliye ndani, kilichotokea getini kinaitwa kukosa subira. Kwa aliyekuwa nje, pengine kilikuwa na jina jingine: mtoto ana kiu, nyuma wanasukuma, mbele hapatembei, kandambili imekatika. Mama yangu wa 1999 ni mtu wa namna hiyo hasa. Tofauti yake na wale ni miaka ishirini na mwanamke mwenye kipande cha kanga.

Nyimbo za maombolezo za wiki ile zilikuwa nyingi, mashairi magazetini yalikuwa mengi. Niliyoyakusanya mimi, pamoja na langu, ni ishirini na tatu. Nimeyapitia upya kwa ajili ya makala haya. Yana marais, yana Mungu, yana flaiova na treni na ndege. Hakuna hata moja lenye geti. Silaumu wingi wa machozi, rais ni mtu na ana haki ya kuliliwa. Ninachosema ni kwamba watu ishirini na tatu tuliandika juu ya siku hiyo na wote tulikuwa tumekaa jukwaa moja, na hakuna aliyetulazimisha. Hatukukatazwa. Hatukulipwa. Tulihama wenyewe.

Ndiyo maana hadithi ya tatu ya bahasha zetu imeniuma kuliko zote. Ni ya msiba huohuo. Msimulizi wake ni msichana wa kidato cha nne anayetembea toka Keko. Kurasa mbili za mwanzo ni nzuri mno: anabeba chupa ya maji aliyoigandisha, anahesabu hatua kwa nguzo za umeme, mdogo wake anadai mkojo. Nikasema leo! Ukurasa wa tatu, mstari wa kwanza: "Tulipokwisha kuketi." Mwandishi, kama unasoma hapa, naomba unirudishie mkojo wa yule mtoto. Unirudishie foleni. Hadithi yako tungeichapa toleo hili hili kama wasingeingia.

Lile shairi langu nililichana, siyo kwa kujionyesha, ni baada ya mama kulisikiliza lote kwa heshima halafu akauliza, "Na wale?" Sikuwa na la kumjibu. Tangu wakati huo nimekuwa nikijaribu ubeti mmoja tu, tarbia ya kawaida, mizani nane kila kipande. Nimekwama kwenye kipande cha kwanza cha mstari wa kwanza. Nataka kianze na idadi yao. Lakini "arobaini na watano" ni mizani tisa. Hesabuni kwa vidole. Mshairi mmoja mzee niliyemwonyesha aliniambia jambo dogo, toa hiyo "wa", andika "arobaini na tano", nane hizo, umemaliza. Ni kweli, zinatimia nane. Ila "tano" ni ya kuhesabia machungwa, "watano" ndiyo ya watu.

Nimeandika "watano". Kipande kina mizani tisa, na ubeti bado una mstari mmoja.